Mche Upi wa Chai Upande? Mwongozo wa Kulinganisha Aina kwa Mkulima wa Kapkatet

Mti wa chai unaotunzwa vizuri huchunwa kwa zaidi ya miaka 50. Ng'ombe asiyekupa maziwa utamuuza mwakani, na mahindi yakikataa msimu huu utabadilisha mbegu msimu ujao. Chai ukikosea kuchagua, kosa hilo utaliachia watoto. Hata hivyo, wakulima wengi hapa Bureti huchagua mche kwa kuuliza maswali mawili tu: ni shilingi ngapi, na iko tayari lini?

Mwongozo huu ni wa anayetaka kupanda kipande kipya, kujaza mapengo, au kung'oa chai ya zamani ya mbegu na kuanza upya. Utakuonyesha namna ya kulinganisha aina mbili au tatu kwa mizani, kwa daftari na kwa kikombe, kabla hujatoa pesa.

Kwa nini aina ina uzito kuliko unavyodhani

Chai ya zamani ilipandwa kwa mbegu, na kila mti ulikuwa na tabia yake. Mmoja unachipua mapema, jirani yake unachelewa. Mmoja jani pana, mwingine jani dogo lililosimama. Miche ya siku hizi hutokana na vipandikizi vilivyokatwa kwenye mti mama mmoja, kwa hiyo shamba zima huwa na tabia ya mama huyo. Akiwa na nguvu, una nguvu ekari nzima. Akiwa hapendi kiangazi, ekari nzima itanyauka kwa wakati mmoja.

Halafu kuna suala la malipo, na hapa ndipo mkulima hujikuta njia panda. Kwenye kituo cha kununulia majani, kilo ni kilo. Karani hakuulizi umechuna aina gani. Mradi ni majani mawili na chipukizi, unapimiwa na kuandikiwa sawa na jirani. Ukiangalia malipo ya mwezi peke yake, utapanda aina yenye uzito na kuacha mengine. Lakini bonasi inategemea bei ambayo chai ya kiwanda chako imepata, na sehemu kubwa huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi huonja kabla ya kutaja bei. Kwa miaka mingi wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika kwamba bonasi yao iko chini ya ile ya wenzao wa Murang'a, Kirinyaga na Nyeri. Sababu ziko nyingi, na aina ya mche haiwezi kubebeshwa lawama yote. Ila ni mojawapo ya sababu chache ambazo ziko mikononi mwa mkulima mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu: usipande aina moja shamba zima. Panda sehemu kwa ajili ya uzito, sehemu kwa ajili ya kikombe, na mahali pakavu weka aina inayostahimili ukame.

Hatua ya kwanza: lijue shamba kabla ya mche

Tembea shamba lako asubuhi, na daftari mkononi. Andika mambo haya kwa kila kipande:

1. *Asidi ya udongo.* Chai hupenda udongo wenye asidi, pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Peleka udongo upimwe. Taasisi ya Utafiti wa Chai, iliyo pale Timbilil, Kericho, chini ya KALRO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo), iko karibu nawe kuliko ilivyo kwa wakulima wengi wa nchi hii.
2. *Mahali palipokuwa na boma la ng'ombe, nyumba au tanuri la makaa.* Jivu na samadi ya miaka mingi hupunguza asidi ya udongo. Utaona miti ya chai imedumaa kwa umbo la duara, majani ya njano, huku ya pembeni ikiwa kijani kibichi. Waulize wazee boma la zamani lilikuwa wapi. Sehemu hiyo ipimwe peke yake, usichanganye udongo wake na wa shamba lingine.
3. *Mabonde.* Hewa baridi huteremka na kutulia chini. Usiku wa Januari usio na mawingu, baridi kali inaweza kuunguza chai ya bondeni na kuiacha ya mlimani salama.
4. *Kina cha udongo.* Chimba shimo. Ukikutana na mwamba au udongo mgumu karibu na juu, mizizi haitakwenda chini kutafuta maji, na aina inayoogopa kiangazi haitafaa hapo.
5. *Visiki.* Ukikata miti ya asili na kupanda chai papo hapo, kuvu wa mizizi aitwaye Armillaria huhama kutoka kwenye visiki na kuua chai. Hakuna aina itakayokuokoa na huyo. Miti mikubwa huvuliwa gome kuzunguka shina na kuachwa isimame mwaka mmoja au miwili ili mizizi iishiwe na chakula, ndipo ing'olewe pamoja na mizizi yake.

Hatua ya pili: zijue namba

Aina za chai huitwa kwa herufi na namba. Herufi zinaeleza aliyeitoa: TRFK ni ile taasisi ya Timbilil kwa jina lake la awali, AHP ilikuwa kampuni ya African Highlands Produce ya Kericho, BBK ilikuwa Brooke Bond Kenya, EPK ni Eastern Produce Kenya. Hizi ndizo utakazozisikia zaidi.

*TRFK 6/8.* Hii ndiyo inayosifiwa kwa kikombe. Watafiti wamekuwa wakiitumia kama kipimo: aina mpya ikitoka, huulizwa inafikia 6/8 kwa ubora au haifikii. Udhaifu wake ni kwamba mavuno yake si makubwa yakilinganishwa na aina za uzito, na kiangazi kinaiumiza. Ipe sehemu yenye udongo wa kina unaohifadhi unyevu.

*AHP S15/10.* Mfalme wa uzito. Katika mashamba ya kampuni hapa Kericho iliwahi kutoa karibu kilo 11,000 za chai kavu kwa hekta kwa mwaka mmoja, kiwango kinachotajwa duniani kote. Lakini kilipatikana kwa mbolea ya kutosha na usimamizi wa kampuni, kwa hiyo usikitarajie kwenye nusu ekari iliyokosa mbolea. Nayo pia inateswa na ukame. Mtu akiipanda kwenye mteremko mkavu kwa sababu ya sifa zake, Februari itamfundisha.

*TRFK 31/8.* Imeenea sana kwa wakulima wadogo kwa sababu inakubali mahali pengi. Haina sifa moja inayopita zote. Faida yake ni kutokukuangusha. Kwa anayeanza na hana uhakika na udongo wake, ni mahali salama pa kuanzia.

*BBK 35.* Ni ya uzito pia, na imefanyiwa majaribio mengi katika ukanda huu. Ilinganishe na S15/10 kwenye shamba la jirani, usiamue kwa kusikia.

*SFS 150.* Asili yake ni Malawi. Inajulikana kwa kuvumilia ukame na baridi. Ukiwa na kilima chenye mawe au bonde lenye baridi kali, anza na hii.

*TRFK 303/577.* Inaunganisha mavuno mazuri na uvumilivu wa ukame, ndiyo maana watafiti wameitumia kama mzazi wa aina nyingine.

*EPK TN14-3.* Hii ndiyo ya kufikiria kwa lile boma la zamani. Inavumilia udongo wenye asidi pungufu kuliko aina nyingi, na inavumilia baridi.

*TRFK 306/1, chai ya zambarau.* Ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi. Rangi yake inatokana na anthosianini, kemikali zile zile zinazotia rangi kwenye zambarau na zabibu nyeusi. Ni mche mzuri, lakini wengi wameumia kwa kuupanda kabla ya kupata mnunuzi. Majani yake yanahitaji kusindikwa peke yake, na si kila kiwanda kina mtambo wala soko la chai hiyo. Ukiyapeleka kwenye kituo ambacho hakitengi, yatachanganywa na ya kijani na utalipwa bei ya kijani.

> TAHADHARI: chai ya zambarau
> Usinunue hata mche mmoja kabla ya kupata majibu haya kwa maandishi:
> ☐ Kiwanda gani kitapokea majani haya, na siku zipi?
> ☐ Yatapimwa na kusafirishwa peke yake?
> ☐ Bei ya kilo ni ngapi, na makubaliano yanadumu miaka mingapi?
> Aliyekuuzia miche akisema "soko litakuja", funga mkoba wako.

Hatua ya tatu: pima kwa mizani

Huhitaji kituo cha utafiti. Unahitaji majirani wawili wenye aina unazozifikiria, utepe wa rangi, mizani na daftari.

1. Chagua miti 20 ya kila aina. Iwe imepogolewa katika mwaka ule ule na inapata mbolea inayofanana. Ukilinganisha chai iliyopogolewa juzi na ile ya mwaka wa tatu tangu kupogolewa, unalinganisha panga la mpogoaji na si aina ya mche.
2. Usichukue ya ukingoni mwa shamba. Ile hula mbolea na jua la pande mbili.
3. Kila zamu ya kuchuna, majani ya miti hiyo 20 yawekwe peke yake na kupimwa. Andika tarehe na uzito.
4. Endelea mwaka mzima. Ukishindwa, usikose Desemba hadi Machi. Miezi ya mvua kila aina hujisifu. Kiangazi ndicho kinachozitenganisha.
5. Gawanya jumla kwa 20 upate mavuno ya mti mmoja, kisha zidisha kwa idadi ya miti ya ekari.

Kwa nafasi ya futi 4 kati ya mistari na futi 2.5 kati ya miti, ekari hubeba miti 4,356. Tuseme aina moja imekupa kilo 1.5 kwa mti kwa mwaka, na nyingine kilo 2. Tofauti ya nusu kilo inaonekana ndogo mkononi, lakini kwa ekari ni kilo 2,178 za majani mabichi. Majani mabichi kilo 4.5 hivi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo hapo pana karibu kilo 484 za chai kavu.

Andika pia jambo ambalo mizani haioni: mchunaji anasemaje? Aina yenye chipukizi kubwa na zinazolingana hujaza kikapu haraka. Aina yenye chipukizi nyembamba hutaka mikono zaidi, na mikono siku hizi ni ghali.

Hatua ya nne: pima kwa kikombe

Hii ndiyo sehemu inayorukwa, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wakulima wengi wamechuna chai maisha yao yote bila kuonja kikombe cha aina moja iliyo peke yake. Majani yanakwenda kiwandani, na ya dukani yamechanganywa. Ukionja 6/8 na S15/10 kando kwa kando, utaelewa mnunuzi wa Mombasa anatafuta nini.

1. Chuna nusu kilo ya kila aina asubuhi moja, majani mawili na chipukizi tu. Itakupa zaidi kidogo ya gramu 100 za chai kavu.
2. Tandaza kwenye ungo au gunia safi, kivulini, safu nyembamba. Acha hadi kesho yake. Ikinyauka vizuri, kikonyo kinapinda bila kuvunjika.
3. Pitisha kila aina kwenye mashine ya kusagia nyama mara mbili au tatu, au itwange polepole kwenye kinu. Safisha chombo kabla ya kuingiza aina nyingine.
4. Tandaza tena kwenye sinia, kando kwa kando, kitambaa chenye unyevu kikining'inia juu bila kugusa. Sasa kaa uangalie. Rangi itatoka kijani kwenda shaba, na harufu ya nyasi iliyokatwa itageuka kuwa tamu, karibu na ya matunda. Mashine na baridi ya chumba hubadilisha muda, lakini kwa kawaida ni saa moja hadi moja na nusu. Aina yenye ubora hugeuka haraka na kwa usawa. Nyingine hubaki na madoa ya kijani hata ukiingoja. Watafiti hutazama jambo hili hili wanapochuja aina mpya.
5. Kausha kwenye kikaango juu ya moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka ivunjike vidoleni. Ikishika moshi, umepoteza, anza upya.
6. Pima gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka. Funika dakika 6, chuja. Hicho ndicho kipimo cha kimataifa cha kuonja.
7. Mtu mwingine aviwekee vikombe namba chini, wewe usijue kipi ni kipi. Onja strungi kwanza, bila sukari. Kisha tia maziwa kiasi sawa katika kila kikombe na uonje tena.

Tafuta mambo matatu. *Mng'ao:* kinywaji kinaonekana hai kwenye mwanga, au kimefifia? *Ukali:* kinashika ulimi na kuuachia, au kinakaa kizito na kuacha uchungu? *Nguvu:* ukitia maziwa, rangi inabaki ya dhahabu iliyokolea, au inakuwa ya kijivu? Chai yetu nyingi hununuliwa ili kuchanganywa na chai hafifu za kwingine na kunywewa na maziwa, kwa hiyo kipimo cha maziwa si cha jikoni tu.

Waite wanaokunywa chai sana nyumbani, hasa akina mama wanaoipika kila siku. Ndimi zao zinajua zaidi ya wanavyodhani.

Hatua ya tano: kagua kitalu

Umeamua. Sasa hakikisha unauziwa ulichoamua, maana mche mchanga wa aina moja unaweza kufanana sana na wa nyingine.

☐ Omba kuonyeshwa miti mama. Mwenye kitalu asiyeweza kukuonyesha alikokata vipandikizi hajui anauza nini.
☐ Piga magoti kando ya kitanda cha miche, utazame majani kwa usawa wa macho. Rangi, ukubwa, pembe ya jani na meno ya ukingo wake yanapaswa kufanana. Ukiona jani pana la kijani hafifu katikati ya majani membamba ya kijani kizito, kitanda kimechanganyika.
☐ Pasua mfuko mmoja (ulipie). Mizizi iwe mingi, myeupe hadi kahawia hafifu, isiyojizungusha chini.
☐ Uliza miche ilitolewa chini ya nailoni lini na imezoea jua kwa muda gani. Iliyotoka juzi kwenye kivuli itaungua shambani.
☐ Andikiana: jina la aina, idadi, tarehe ya kuchukua.

Weka oda mwaka mmoja kabla. Mche huchukua miezi 9 hadi 12 na zaidi kitaluni, nawe unataka kupanda mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimeshika, si zinapoisha.

Hatua ya sita: panda kila aina kwenye kipande chake

Usichanganye aina kwenye mstari mmoja. Aina hazichipui kwa mwendo mmoja. Ukizichanganya, siku ya kuchuna utakuta nyingine zimepitiliza na nyingine bado, na kikapu kitabeba majani magumu. Piga kigingi kila kona, chora ramani ya shamba kwenye daftari, uandike aina na mwaka. Miaka kumi ikipita hutakumbuka, na mwanao hatajua.

Chimba shimo la kina cha sentimita 45 na upana wa 25. Tenga udongo wa juu na wa chini. Toa mfuko wa nailoni wote. Mizizi iliyofungwa haifiki popote. Panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mfukoni, kisha tandaza nyasi kavu bila kugusa shina.

Makosa yanayojirudia

*Kuchagua kwa mavuno ya Mei.* Mwezi huo kila mti unachipua. Rudi Februari.

*Kuulaumu mche kwa kosa la mkono.* Hata 6/8 ikichunwa majani manne na kikonyo kigumu, au ikilala juani kituoni ikisubiri lori, haitatoa kikombe cha 6/8.

*Kung'oa yote kwa pamoja.* Mche mpya hautakupa mavuno ya maana kabla ya mwaka wa tatu hivi. Badilisha robo ya shamba kwa awamu, ili ada za shule ziendelee kulipwa na chai ya zamani.

*Kuidharau chai ya mbegu.* Ina mzizi mkuu unaokwenda chini sana, ambao mche wa kipandikizi hauna. Ikiwa kipande chako cha mbegu ndicho kinachokupa majani wakati wa kiangazi, kiache kwanza.

*Kuamua peke yako.* Bonasi ni ya kiwanda kizima, na ekari moja ya ubora haiwezi kuinua chai ya maelfu ya wakulima. Kabla ya mvua zijazo, nenda na daftari lako kwenye mkutano wa kituo, pamoja na vikombe viwili na chupa ya maji ya moto. Waonjeshe wenzako, kisha mpange pamoja oda ya miche ya eneo lenu, na mmuulize afisa wa ugani wa kiwanda ni aina zipi anazoweza kuwapatia kutoka kwenye miti mama inayojulikana.